Kuwashwa Sehemu za Siri: Maswali Tunayoulizwa na Kina Dada wa Kisumu

Maswali haya huulizwa mlango ukishafungwa. Dada ameingia akisema ana kikohozi, au amemsindikiza rafiki, na akishasimama kuondoka ndipo anageuka: "Sista, kuna kitu kingine." Nimekuwa muuguzi huku Kisumu muda wa kutosha kujua kwamba hicho kitu kingine ndicho kilichomtoa nyumbani. Majibu nimeyaandika jinsi ninavyoyasema, hasa kwa walio chuoni na wanaoanza kazi. Viungo nitavitaja kwa majina yake.

Tunaposema "huko chini", ni wapi hasa?

Uke ni mfereji wa ndani, ule ambao hedhi na mtoto hupitia. Nje ya uke kuna kinena, yaani kale kamwinuko kenye nywele, kisha mashavu makubwa yenye nywele, mashavu madogo yasiyo na nywele, kinembe, na tundu la mkojo. Vyote vya nje vimefunikwa na ngozi, nayo huumwa kama ngozi ya kwapa au ya shingo inavyoumwa. Nimeona dada akiingiza dawa ukeni wiki mbili nzima ilhali kinachomwasha ni mkunjo wa paja. Chukua kioo kidogo, chuchumaa, ujitazame siku ambayo huna shida yoyote. Mashavu ya ndani hutofautiana kwa urefu na kwa rangi, moja linaweza kulizidi jenzake, na yote hayo ni ya kawaida.

Nikiwashwa, ina maana nimeambukizwa ugonjwa wa zinaa?

Mara nyingi hapana. Hata ambaye hajawahi kulala na mtu huwashwa. Yapo magonjwa ya zinaa yanayowasha, na nitayafikia, lakini ningekuwa wa kubahatisha ningeuliza kwanza kuhusu sabuni.

Sabuni? Si ndiyo inayoondoa uchafu?

Kuna dada aliyenipangia vitu vyake mezani nilipomuuliza anajioshea nini. Sabuni ya dawa. Kichupa cha maji ya kuua viini, kifuniko kimoja kwenye beseni kila asubuhi. Sabuni maalumu ya "kike" yenye harufu ya waridi. Tishu zenye unyevu na manukato. Poda ya mtoto. Manukato ya kupuliza. Na tyubu ya krimu iliyokamuliwa hadi shingoni. Vitu saba. Alikuwa ameanza na kimoja. Kilipomwasha akaongeza cha pili cha kutibu kile cha kwanza, hivyo hivyo hadi vikafika saba. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, imevimba, na ina mikwaruzo ya kucha. Kwa vipimo hakuwa na maambukizi hata moja.

Uke wenye afya una uchachu, pH yake kati ya 3.8 na 4.5, hivyo haupishani sana na maziwa mala. Uchachu huo hutengenezwa na bakteria wema waitwao laktobasila, ambao huwazuia wabaya wasizaane. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 au 10. Ukiiingiza ndani unawaua walinzi wako mwenyewe. Ukiisugua nje kila siku inaondoa mafuta ya asili, ngozi inapasuka nyufa ndogo usizoziona, na kila kitu kinachofuata, iwe jasho, mkojo au pedi, kinachoma.

(Na kabla hujaniuliza: hapana, usipake mala. Kunywa.)

Basi nioshe na nini?

Maji safi ya uvuguvugu na kiganja cha mkono, mara moja kwa siku, sehemu za nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Hakuna sponji, hakuna kitambaa cha kusugulia, hakuna kidole ndani. Ukishindwa kabisa kuiacha sabuni, tumia isiyo na harufu wala rangi, iishie kwenye kinena na mapajani, kisha suuza vizuri. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, usisugue.

Limau, siki, kitunguu saumu, maji ya chumvi, mvuke wa majani, tembe za "kubana" zinazouzwa mitandaoni: vyote hivyo vimewaleta watu kwangu wameungua au wamechubuka. Hakuna hata kimoja ninachokipendekeza.

Ule ute unaotoka kila siku je? Si ni uchafu?

Neno hilo ndilo limetuharibia. Ni ute, na mwanamke mzima huutoa kila siku. Katikati ya mzunguko huwa mwepesi na wa kuvutika kama ute wa yai bichi. Siku nyingine huwa mzito na mweupe, na ukikaukia kwenye nguo unakuwa manjano kidogo. Je, chupi zako nyeusi zina doa la rangi ya chungwa pale katikati? Huo ni uchachu niliousema, umeparuza rangi ya kitambaa. Ni dalili ya afya. Usizitupe kwa aibu.

Wasiwasi uanze ukibadilika ghafla: rangi, harufu, wingi, au ukija pamoja na kuwashwa au maumivu.

Fangasi ikoje?

Wanawake karibu 3 kati ya kila 4 huipata angalau mara moja maishani. Inasababishwa na hamira iitwayo kandida, ambayo wengi wetu tunaishi nayo kimya kimya hadi kitu kiivuruge: dawa za antibiotiki ulizomeza kwa ajili ya koo, ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa, kinga ya mwili kushuka. Ute wake ni mzito kama maziwa yaliyoganda mabonge, hauna harufu kubwa, na mwasho wake ni mkali hadi unakosa usingizi. Mashavu huvimba, na mkojo ukiyagusa unachoma.

Tiba ni rahisi: tembe ya klotrimazoli ya miligramu 500 inayoingizwa ukeni mara moja usiku, au kidonge cha flukonazoli cha miligramu 150 mara moja. Mjamzito asimeze flukonazoli. Yeye hupewa tembe za kuingiza, na kwa kawaida matibabu yake huchukua siku kama 7.

Tatizo ni kwamba kila mwasho mjini huitwa fangasi. Dada anaingia duka la dawa, anasema "nipe ya fangasi", anapewa, hapati nafuu, anarudi kununua nyingine. Kama ni mara yako ya kwanza, upimwe kwanza. Kama inakurudia mara 3 au zaidi kwa mwaka, njoo tupime sukari na VVU, tena tuhakikishe ni fangasi kweli.

Na harufu ya samaki?

Shombo. Sisi tulio karibu na Dunga, ufuo wa wavuvi, hatuhitaji kuelezwa harufu hiyo. Inapotoka ukeni, hasa baada ya tendo la ndoa, na ute ukiwa mwepesi wa kijivu, kwa kawaida laktobasila wamepungua na bakteria wengine wamejaa mahali pao. Hali hii huwasha kidogo tu au haiwashi kabisa. Hutibiwa kwa metronidazoli, mara nyingi siku 7, na zote uzimalize hata harufu ikiisha siku ya 3. Kujiosha ndani ili kuiondoa shombo huongeza uwezekano wa kuipata tena, na ndio mduara ambao wengi wamo.

Ute ukiwa wa manjano au kijani, una povu, na unawasha sana, shuku trikomona. Huo ni ugonjwa wa zinaa, na mwenzi wako lazima atibiwe wakati mmoja nawe.

Chupi zinahusika vipi?

Zinahusika sana, ila si kwa sababu unayodhani. Watu huniuliza kuhusu kitambaa, nami husema pamba ni bora kuliko nailoni, basi. Mimi huuliza unazianika wapi.

Ukiingia ploti yoyote ya Nyalenda au Manyatta utaona kamba moja ya kuanikia nguo katikati ya ua, vyumba kumi vinaitumia, na caretaker anapita hapo chini mara ishirini kwa siku. Hakuna dada anayetaka chupi zake zionwe. Basi anazianika chumbani nyuma ya mlango, au kwenye kamba lakini amezifunika kwa leso. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, hazikauki. Asubuhi anavaa kitu chenye ubaridi wa unyevu, anapanda bodaboda, anakaa kwenye kiti cha plastiki hadi jioni katika joto la nyuzi 30. Hapo ngozi inalainika kupita kiasi na kuchubuka, na ukungu unapata makao.

Kama aibu inakuzidi, pitisha pasi ya moto juu ya kile kipande cha katikati hadi kikauke kabisa. Huna pasi? Zianike mapema siku ya Jumapili wengi wakiwa soko la Kibuye. Na usuuze mara mbili au tatu. Najua maji ni ya kununua kwa mtungi, lakini sabuni ya unga iliyobaki kwenye nyuzi itakuwasha siku nzima. Usizifue kwa dawa ya kung'arisha nguo. Za mitumba uzichemshe kabla ya kuzivaa. Usiku lala bila chupi, au na kaptura pana.

Mapaja yangu husuguana hadi yanatoka vidonda. Nipunguze mwili?

Sikukuambia hivyo. Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato kabla ya kutoka, vaa baika ya pamba chini ya sketi, na ubadilishe nguo zikilowa jasho. Ukiona mkunjo una wekundu wenye ukingo uliojitokeza, unaosambaa kama duara, hicho ni choa, nacho hutaka krimu ya fangasi wiki 2 hadi 4 pamoja na mkunjo kukaushwa.

Huwa nawashwa kila nikiwa kwenye siku zangu.

Angalia sodo. Baadhi zina manukato, baadhi zina utando wa plastiki usiopitisha hewa, na gundi ya pembeni nayo huwakera wengine. Badilisha aina kwa miezi miwili uone. La pili ni muda: sodo ikikaa mchana kutwa kwa sababu choo cha kazini hakina mlango unaofungika, ngozi huoga damu na jasho. Kila saa 4 hadi 6 ibadilishwe. Wanaotumia sodo za kitambaa wazianike juani, si chini ya godoro. Vile visodo vyembamba vya kila siku viache kabisa. Ukivaa plastiki siku 30 kwa mwezi usishangae.

Nikinyoa natoka vipele. Niache?

Nywele hizo hazina kosa. Zinapunguza msuguano. Ukitaka kuzipunguza, tumia makasi. Ukishikilia wembe, uwe mpya na wako peke yako, nyoa baada ya kuoga ngozi ikiwa laini, fuata mwelekeo wa nywele, wala usirudie mahali pamoja mara tano. Nywele zetu ni za kujikunja, kwa hiyo zikikatwa chini sana huota kwa kupinda na kuingia ndani ya ngozi. Hicho ndicho kipele chenye kichwa cheupe. Usikitumbue. Bonyeza kitambaa cha maji moto dakika 10, mara tatu kwa siku, nawe uupumzishe wembe.

Majipu yanayorudi rudi kwenye kinena na kwapani, yanapasuka na kuacha makovu, ni ugonjwa tofauti wa vinyweleo. Hautokani na uchafu, na unatibika vizuri zaidi ukiwahiwa. Mwone daktari.

Nilipewa krimu "tatu kwa moja". Inatuliza haraka sana!

Najua inatuliza. Ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali, na hiyo steroidi ndiyo inayozima mwasho kwa siku mbili. Ukiendelea kuipaka ovyo, ngozi hupungua unene, mishipa huonekana, michirizi hutokea mapajani, na fangasi iliyokuwa imejificha husambaa ikiwa imebadilika sura hata sisi tukashindwa kuitambua. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi hizo hizo. Nimeona zikipakwa sehemu za siri ili "zifanane na uso". Kinena kuwa cheusi kuliko paja ni kawaida ya mwili, ndivyo ngozi ya hapo ilivyoumbwa.

Inawasha usiku tu. Kwa nini?

Jiulize mwasho unaanzia wapi. Ukianzia njia ya haja kubwa, huenda ni minyoo midogo kama uzi, ambao majike yake hutoka usiku kutaga mayai; mna watoto nyumbani? Nyote mmeze dawa. Kama unawashwa pia katikati ya vidole, viganjani na kiunoni, na unayelala naye naye anajikuna, huo ni upele: paka dawa mwili mzima kuanzia shingoni, watu wote wa nyumba siku moja, rudia baada ya wiki, na nguo na matandiko vifuliwe kwa maji moto. Chawa wa kinena utawaona kwa macho, au utaona mayai yao yameng'ang'ania nywele.

Je, maji ya ziwa yanaweza kuniletea shida hii?

Yanaweza, ingawa si kwa njia inayosimuliwa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ukiwa umesimama majini unafua au unaoga. Wakati huohuo ngozi inaweza kuwasha na kutoa vipele, hasa miguuni. Kichocho kilichoenea zaidi ufuoni mwetu ni cha matumbo. Kile cha kibofu, kinachojulikana zaidi Pwani, ndicho kinachoweza kupeleka mayai yake hadi ukeni na kwenye mlango wa kizazi, kikaleta mwasho, ute usio wa kawaida, na damu baada ya tendo. Wengi wenye hali hiyo hutibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa bila nafuu. Kwa hiyo kama ulikulia au uliishi mahali penye kichocho na umewahi kukojoa damu, mwambie daktari bila kungoja aulize. Dawa ni prazikwanteli.

Malengelenge na vinyama?

Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayouma kama moto na kupasuka kuwa vidonda, huenda yakawa ya virusi vya hepesi. Njoo yakiwa bado mabichi, ndipo dawa husaidia zaidi. Vinyama laini kama koliflawa ni sunzua za virusi vya HPV. Haziumi sana, zinaondolewa kliniki. Usizichome kwa dawa ya kununua mtaani. Kidonda chochote cha wazi hurahisisha VVU kuingia, hivyo kipimo kifanywe siku hiyohiyo.

Nina mabaka meupe.

Kama hayawashi na ngozi ni laini kama kawaida, huenda ni mbalanga. Kama yanawasha sana na ngozi imekuwa nyembamba, ya kumetameta na kukunjamana kama karatasi, huenda ni ugonjwa uitwao laikeni sklerosasi. Hauambukizi. Tiba yake ni steroidi kali, ndiyo, dawa ya ukoo uleule niliokukataza hapo juu, ila safari hii kwa kipimo na kwa uangalizi wa daktari. Ukiachwa bila tiba mashavu ya ndani hunywea na kushikana. Huyu tunampa rufaa, mara nyingi kwa Jaramogi, ile hospitali ambayo wenyeji bado huiita Russia.

Kondomu inaniwasha. Nitaiacha?

Usiache kinga. Huenda ni mafuta yake, harufu zake za matunda, dawa ya kuua mbegu, au ukavu tu. Jaribu ya kawaida isiyo na harufu pamoja na kilainishi cha maji. Mzio wa mpira wenyewe upo lakini ni wa wachache. Kama glavu na puto navyo hukuvimbisha, tuambie.

Nianzie wapi leo hii?

Kama huna dalili ninazotaja hapa chini, acha kila kitu kwa siku 14. Maji matupu, mafuta mazito yasiyo na harufu baada ya kuoga, chupi ya pamba iliyokauka, hakuna wembe, hakuna taiti. Kitambaa cha maji baridi mwasho ukipanda. Kata kucha, kwa maana kujikuna kunaleta mwasho mpya, nao unaleta kujikuna. Andika siku ulipoanza kuwashwa na kitu gani kilikuwa kipya wiki hiyo. Kisha urudishe vitu vyako kimoja kimoja, ukivihitaji kweli, utamjua mchokozi.

Ni lini nisingoje?

Homa, maumivu ya tumbo la chini, vidonda au malengelenge, uvimbe unaokuzuia kutembea, kukojoa kwa shida, damu isiyo ya hedhi, ujauzito, au dawa uliyotumia siku 7 bila nafuu. Njoo siku hiyo.

Na kama yote haya yalianza baada ya mtu kukulazimisha, njoo haraka, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU haifanyi kazi baada ya hapo. Huhitaji kwenda polisi kwanza ndipo utibiwe. Namba 1195 hupigwa bure. Saa zikiwa zimepita bado njoo, kuna mengi tunayoweza kufanya.

Nitachunguzwa vipi? Naogopa.

Utaulizwa maswali, mengine ya ndani, na una haki ya kusema "hilo sijibu leo". Unaweza kuomba mhudumu wa kike, unaweza kuingia na dada yako. Mara nyingi tunatazama nje tu kwa taa, pengine tunachukua ute kidogo kwa kijiti cha pamba. Kama hujawahi kulala na mwanamume, sema mapema. Chombo cha kufungulia uke hatutakigusa bila sababu kubwa na bila idhini yako. Usijioshe ndani asubuhi hiyo, usinyoe, usipake kitu. Hedhi ikikukuta, njoo tu.

Na zile chupa, tyubu na tishu zote unazotumia, zitie kwenye mfuko uje nazo. Meza ninayo.